Kosa la Elliot halikuwa Hong Kong

Kila anayegusa historia ya Hong Kong lazima akutane na kile kisentensi cha Lord Palmerston, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alichomwandikia Kapteni Charles Elliot tarehe 21 Aprili 1841, kwamba umenipatia kisiwa kikame ambacho hata nyumba ni za kutafuta. Watu wanakisoma, wanaangalia picha ya maghorofa ya Hong Kong ya leo, wanacheka, wanasema mzee alichemka, imeisha hiyo. Mimi naona hicho kisentensi kimeiharibu stori nzima. Ukiifuata barua yenyewe unakuta ugomvi haukuwa wa kisiwa kuwa kikame au kibichi, ulikuwa wa watu wanne, Elliot, Palmerston, Qishan aliyekuwa mjumbe wa China, na mfalme Daoguang kule Beijing, kila mmoja ana mkataba wake kichwani. Wengi wanaishia kusema hawakuelewana kwa sababu ya umbali, barua zilichelewa. Umbali ulikuwepo kweli na nitaufikia, ila tukiutupia lawama zote tunawaachia kirahisi sana hawa jamaa, maana wawili kati yao walielewa vizuri tu walichoambiwa wakaamua kufanya yao.

Kwa asiyeijua stori, kwa kifupi. Waingereza walikuwa hawaachi chai ya China, na chai hiyo kwa sehemu kubwa walikuwa wanailipia kwa hela iliyotokana na kasumba ya India (kasumba ile ya kuvutwa kwa kiko, sio hii ya kikoloni tunayotupiana kwenye mabishano, ingawa ukikaa ukafikiri hazijapishana sana). China ilikuwa imeipiga marufuku. Machi 1839 kamishna Lin Zexu akatua Guangzhou, mji ambao Waingereza waliuita Canton, akawafungia wazungu kwenye maghala yao mpaka wakabidhi mzigo wote. Elliot ndo alikuwa msimamizi mkuu wa biashara ya Waingereza pale, akawaambia wafanyabiashara leteni kwangu, nawapokelea kwa jina la serikali ya Malkia na serikali itawafidia. Yakatoka masanduku 20,283. Lin akaiharibu yote pale Humen, kwenye mdomo wa mto wa kwenda Canton, mwezi Juni, kwenye mabwawa yaliyochimbwa kwa kazi hiyo, maji, chumvi na chokaa, ikishakorogeka inafunguliwa iende baharini.

Sasa simama hapo kwenye "serikali itawafidia". Nani alimruhusu? Hakuna. Wafanyabiashara wakapeleka madai London, kama paundi milioni 2, na hazina haikuwa na hiyo hela wala bunge halikuwa na hamu ya kuwalipa walanguzi wa kasumba kwa kodi za wananchi. Palmerston akabaki na bili ambayo hakuisaini, na jibu lililopatikana ni kwamba atalipa Mchina. Kwa hiyo ukiniuliza vita iliyofuata, ile ya kwanza ya kasumba kati ya Uingereza na China, ilianzia wapi, sehemu yake kubwa ilianzia kwenye ahadi ya ofisa mmoja aliyekuwa amezingirwa, bosi wake akaja kuikuta kwenye posta miezi baadaye. Hili lisisahaulike, kwa sababu Palmerston wa 1841 hakuwa anamuona Elliot akijiamulia kwa mara ya kwanza.

Tarehe 20 Februari 1840 Palmerston akaandika maelekezo, na safari hii hakuacha mwanya mwingi. Wajumbe wawili wenye mamlaka kamili, Elliot na binamu yake Admirali George Elliot. Chukueni kisiwa cha Zhoushan, ambacho Waingereza walikiita Chusan, karibu na mdomo wa mto Yangtze. Daini fidia ya kasumba, madeni ambayo wafanyabiashara wa Canton walikuwa hawajawalipa Waingereza, gharama za safari ya kijeshi, na usalama wa biashara kwa njia ya kisiwa au bandari zaidi kufunguliwa. Na Zhoushan msikiachie mpaka hela ya mwisho ilipwe. Hicho kipengele cha mwisho kishikilie, tutakirudia.

Kuna kitu huwa kinanichekesha hapa. Admirali ni binamu. Lord Auckland, gavana mkuu wa India alikotoka askari, naye binamu yao. Lord Minto aliyekuwa bosi wa jeshi la maji kule London ni kaka wa huyo admirali. Yaani ni kikao cha ukoo kinaendesha vita ya China, na Palmerston akitaka kumfokea mmoja inabidi apime wengine watasemaje.

Kutokuelewana kwa kweli, kule hasa kwa lugha, kuko kwenye barua ambayo Palmerston aliiandika kwenda kwa serikali ya China. Kwa Kiingereza ilikuwa inadai, kwa ukali, kwamba mfalme awaridhishe Waingereza na kurekebisha makosa. Upande wa Waingereza wenyewe ndo uliitafsiri kwa Kichina, na pale kwenye "tunadai" yakatoka maneno ya mtu anayemlilia mfalme amsafishe jina na amtendee haki kwa dhuluma aliyofanyiwa. Hebu ione hiyo picha, Agosti 1840 meli za vita zimetia nanga Dagu, mwendo mfupi tu kutoka Beijing, Zhoushan kimeshachukuliwa tangu tarehe 5 Julai, alafu karatasi inayofika mbele ya Daoguang inasomeka kama malalamiko ya raia aliyeonewa na mkuu wa wilaya. Mfalme akaielewa kama ilivyoandikwa, kwamba hawa watu wa mbali wana kesi na Lin Zexu. Akamtoa Lin, akampa Qishan kazi ya kwenda Guangzhou kuisikiliza kesi. Huyo Qishan ndo aliyewapokea pale Dagu kwa ustaarabu wote, akawapelekea ng'ombe na kondoo wa kitoweo, akawashawishi warudi kusini wakaongelee huko, na wao wakageuza. Beijing ikaona imewatuliza. London ikaona meli zilizokuwa zimemshika mfalme koo zimemwachia kwa maneno matamu.

Mwishoni mwa Novemba admirali akaugua akaondoka, Elliot akabaki peke yake na madaraka yote. Qishan naye ndo anafika. Mtu wa kupeleka na kurudisha maneno kati yao alikuwa Bao Peng, aliyewahi kuwa dalali wa Lancelot Dent, mmoja wa wauza kasumba wakubwa pale, na Kiingereza chake ni kile cha bandarini, cha kupatana bei na kuhesabu mizigo. Suala la kisiwa kutoka dola moja kwenda nyingine likawa linapita kwenye msamiati huo. Elliot alikuwa na wakalimani wake, John Robert Morrison ndo mkubwa wao, wanajua Kichina kizuri tu, kwa hiyo barua rasmi zilisomeka. Ila yale ya katikati ya barua, yale ya "mzee anamaanisha hivi, usimchukulie vile", hayo yalikuwa mikononi mwa Bao Peng, na mtu yeyote aliyewahi kutegemea mtu wa kati anajua mtu wa kati anapenda dili ifungwe, hapendi pande mbili zijue ziko mbali kiasi gani.

Tarehe 7 Januari 1841 Elliot akachoka kuzungushwa, Waingereza wakazipiga ngome za Chuanbi, karibu na Humen. Wachina walikufa mamia, Waingereza hawakufiwa na mtu hata mmoja. Tarehe 20 Elliot akatangaza kwamba amekubaliana na Qishan mambo manne. Kisiwa na bandari ya Hong Kong vinakwenda kwa Malkia, ila ushuru wa biashara uendelee kulipwa kwa China kama vile meli zimetia nanga Huangpu, bandari ya Canton. Fidia ya dola milioni 6 za fedha, milioni moja papo hapo, zilizobaki kwa mafungu ya kila mwaka mpaka 1846. Maofisa wa pande mbili waandikiane kwa usawa. Na biashara ya Canton ifunguliwe ndani ya siku 10 baada ya mwaka mpya wa Kichina. Tarehe 26 Kamanda Gordon Bremer akapandisha bendera Hong Kong, mizinga ikapigwa, na siku hizohizo Elliot na Qishan walikuwa wanakula karamu pamoja kando ya mto karibu na Canton.

Qishan hakuweka muhuri. Karamu alikula, muhuri hakuweka.

Alichomwandikia mfalme wake ni kitu kingine. Kwake yeye Waingereza wanaombewa mahali pamoja pa kukaa pale Hong Kong, kama Wareno wanavyokaa Macau. Neno alilotumia ni la kukaa kwa hisani ya mwenye nyumba, mgeni unampa chumba lakini hati ya kiwanja inabaki kabatini kwako. Na hata kwa Elliot mwenyewe alikuwa anaandika "sehemu moja", Elliot anajibu "kisiwa", kila mmoja anasonga mbele kama vile mwenzake ameshakubali.

Wanaomtetea Elliot wanasema Qishan alimchezea, alikuwa anavuta muda. Wanaomtetea Qishan wanasema Elliot alitangaza kitu ambacho hakijasainiwa, akapandisha bendera juu ya rasimu. Wote wana hoja. Lakini rudi kwenye kile kifungu cha kwanza ukisome taratibu: kisiwa ni cha Malkia, ushuru ni wa mfalme wa China. Hiyo ni nchi ya nani? Palmerston alikiona palepale, na kwenye barua ileile ya kisiwa kikame akaandika kwamba kwa sharti hilo Hong Kong haiwi mali ya Uingereza, inakuwa kama Macau, makazi ya kuvumiliwa ndani ya ardhi ya mfalme wa China. Sasa hapo mimi ndo ninapobaki mdomo wazi. Palmerston akiwa London na Qishan akiwa Guangzhou, watu ambao hawakuwahi kuonana maisha yao yote, wameyaangalia makubaliano yaleyale na wameyaelewa sawasawa, ni Macau nyingine hii. Aliyesoma tofauti ni Elliot aliyeyatangaza. Kwa hiyo habari ya kwamba Mashariki na Magharibi hazikuelewana naomba tuiweke pembeni kidogo, Mashariki na Magharibi zilielewana, aliyekuwa katikati ndo alikuwa na ndoto zake.

Sasa huo umbali. Tarishi wa farasi wa haraka kutoka Guangzhou mpaka Beijing alikuwa anatumia zaidi kidogo ya wiki mbili, kwa hiyo Qishan akiuliza swali jibu linarudi baada ya mwezi na ushee. Barua ya Elliot kwenda London ikizunguka Afrika kwa tanga ni miezi minne na zaidi, ikipita Suez kwa meli ya moshi na kuvuka jangwa ni kama wiki 11 au 12. Habari za Januari 20 zilifika London mwanzoni mwa Aprili. Baraza la mawaziri likaamua mwisho wa Aprili Elliot aondolewe, na yeye akaja kujua mwisho wa Julai. Katikati hapo, mtu aliyeshafukuzwa kazi aliendelea kupigana vita, Mei akaizingira Canton, akaiachia baada ya kulipwa dola milioni 6 ndani ya siku chache. Na kabla tu barua haijamkuta, boti yake ilivunjwa na kimbunga karibu na Macau, akarudishwa na wavuvi wa Kichina kwa malipo, amejilaza sakafuni mwa mashua, wakati serikali ya China ilikuwa imetangaza zawadi kwa atakayeleta kichwa chake. Akafika nyumbani salama, akaikuta posta.

Sisi wa pwani ya huku stori ya aina hii tunayo, na ni ya zama zilezile. Februari 1824 Kapteni William Owen alifika Mombasa na meli yake Leven, Wamazrui, ukoo uliokuwa unatawala mji, wanaogopa kumezwa na Sayyid Said wa Oman, wakamuomba ulinzi, naye bila kuuliza mtu akaiweka Mombasa chini ya Uingereza. Akamwacha Luteni Reitz awe mkubwa wa pale, kijana akafa kwa homa miezi michache tu baadaye, na Port Reitz bado ina jina lake. London na Bombay hawakutaka kugombana na Sayyid Said, wakamkana Owen, na 1826 bendera ikashushwa. Wamazrui walioamini neno la kapteni wakaachwa na adui wao wa zamani mlangoni. Tofauti na Elliot ni kwamba Owen aliahidi zaidi ya walichotaka wakubwa, Elliot alichukua kidogo kuliko walichotaka, lakini kiini ni kilekile, bendera inapanda kwa siku moja na uamuzi wa kama ipo au haipo unakuja baada ya miezi au miaka.

Upande wa Palmerston tuutendee haki, maana siku hizi amegeuzwa kikatuni. Alimwambia Elliot umeyachukulia maelekezo yangu kama karatasi za kutupa, na ukilinganisha maelekezo na matokeo ni kweli. Alitaka hela za kasumba, madeni na gharama za vita, kaletewa milioni 6 zinazolipwa kidogokidogo kwa miaka, na alishtuka kwamba kwa mwendo huo serikali ya China inaweza kuzikamua kwa hao hao wafanyabiashara wa Kiingereza kupitia ushuru, yaani wanajilipa wenyewe fidia yao. Alitaka bandari zaidi, kapata hakuna. Baadaye tena mwezi Mei akaandika jambo ambalo mwanasheria yeyote angelikubali, kwamba ardhi ya mfalme mmoja haiwi ya mwingine mpaka mkataba rasmi uridhiwe na huyo mwenye ardhi, kwa hiyo tangazo la Elliot kwamba Hong Kong ni ya Malkia lilikuwa limetangulia mkataba ambao haukuwepo. Malkia Victoria naye tarehe 13 Aprili alimwandikia mjomba wake, mfalme Leopold wa Ubelgiji, akilalamika kwamba Elliot kakaidi amri na kachukua masharti ya chini kabisa aliyoweza, alafu kwenye barua hiyohiyo anasema mumewe Albert anachekeshwa sana na yeye kupata kisiwa kinaitwa Hong Kong, labda mtoto wao aitwe binti mfalme wa Hong Kong. Watu walikuwa wanakufa kule, huku ni utani wa mezani, lakini ndo ulivyokuwa huo mfumo.

Upande wa Elliot nao si mwepesi. Hakuwa mtu wa kupenda ile biashara, aliiita aibu na dhambi kwenye barua zake mwenyewe kwa Palmerston, na kabla ya China aliwahi kuwa mlinzi wa watumwa kule Guiana ya Kiingereza, kazi ya kusikiliza malalamiko yao dhidi ya mabwana. Alikuwa na hesabu yake. Chai ilikuwa inaiingizia hazina ya London paundi zaidi ya milioni 3 kwa mwaka kwa ushuru tu, msimu wa kupakia ulikuwa unapita, na kila wiki ya vita ni chai ambayo haijapakiwa. Askari walioachwa Zhoushan walikuwa wanakufa kwa homa na kuhara, zaidi ya 400 ndani ya miezi sita bila kupigwa risasi. Kulikuwa na mateka wa Kiingereza Ningbo, mji wa bara karibu na Zhoushan, pamoja na mama mmoja aliyepoteza mume na mtoto kwenye meli iliyozama. Na aliamini kabisa kwamba ukiuangamiza mji wa Canton unaua soko unalolipigania. Alipokuja kujitetea baadaye alisema wanamlaumu kwa kuwajali Wachina kupita kiasi, na yeye anaona alikuwa anajali heshima na faida ya Uingereza ya muda mrefu. Ukimsoma hapo unamuelewa, na mimi kwa upande wangu nakiri nina huruma naye, niliwahi kukaa tawi la mkoani la kampuni moja ambapo makao makuu walikuwa wanatuma maagizo ya mwezi uliopita kwa hali ya mwezi ujao, na wewe uliyesimama kwenye matope unajua hayawezekani, unafanya unavyoona, alafu ripoti unaiandika kwa lugha ambayo itawafurahisha. Hiyo ya mwisho ndo mbaya.

Na ndo inayonifanya nisiende na Elliot moja kwa moja. Ukiweka pembeni Hong Kong, ukiweka pembeni hata hela, kuna jambo moja ambalo huruma hailiponyi, ni Zhoushan. Alikiachia Februari 1841, kabla muhuri wowote haujawekwa na kabla dola yoyote ya mafungu ya miaka ijayo haijaingia. Kipengele kile cha maelekezo kilikuwa cheupe peee, shika mpaka ulipwe. Hapo hakuna suala la barua kuchelewa, maelekezo alikuwa nayo mkononi kwa miezi kadhaa. Hakuna suala la tafsiri, yako kwa Kiingereza cha kwao. Alirudisha rehani kwa ahadi ya mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kuahidi, maana wakati askari wanapanda meli kuondoka Zhoushan, Daoguang alikuwa ameshaamua vita tangu mwisho wa Januari na kumteua Yishan aje kupigana. Yiliang, gavana wa Guangdong, alikuwa amepeleka Beijing taarifa ya lile tangazo la Elliot la Hong Kong, na mfalme ndo akajua kwamba "mahali pa kukaa" ni kisiwa kizima chenye bendera. Tarehe 26 Februari akaamuru Qishan afungwe minyororo na mali zake zitaifishwe, na siku hiyohiyo ngome za Humen zikaanguka, Admirali Guan Tianpei akafia humohumo.

Unaweza kusema lakini askari walikuwa wanakufa kwa magonjwa. Sawa, kwa hiyo punguza askari, hamisha kambi, fanya lolote. Maana gharama ya kukiachia ililipwa, na ililipwa na watu wengine. Oktoba 1, 1841 Waingereza walikuja kukichukua tena, Dinghai, mji mkuu wa kisiwa, sasa una ngome mpya na majenerali watatu wa China waliojipanga, wote watatu wakafa siku hizo pamoja na watu wao. Hao wangekuwa hai kama kisiwa kisingerudishwa, kwa sababu kusingekuwa na cha kupigania. Na vita ilipoisha Waingereza walifanya nini na Zhoushan? Walikikalia mpaka 1846, fidia ilipokuwa imelipwa yote, alafu wakakirudisha. Yaani kile kipengele cha Palmerston cha Februari 1840, neno kwa neno, miaka sita baadaye.

Qishan kwangu ni kesi ngumu zaidi kuliko Elliot, na naona anaonewa na pande zote. Nyumbani aliitwa msaliti aliyeuza Hong Kong, wakati kitu kimoja ambacho hakufanya ni kuiuza. Lakini naye alicheza mchezo uleule, juu anaandika laini, chini anasema laini, akitumaini muda utasuluhisha. Alikuwa ameziona zile meli kwa macho yake, alijua ngome za Humen hazitasimama, na ukweli huo alijaribu kumwambia mfalme, mfalme hakutaka kuusikia. Sasa ukiwa na bosi asiyesikia ukweli na adui asiyesikia hapana, unabaki na nini zaidi ya maneno yenye maana mbili? Alihukumiwa kifo, hukumu ikapunguzwa, na miaka michache baadaye akarudishwa kazini akapelekwa Lhasa kuiwakilisha Beijing Tibet. Elliot naye hakuachwa njaa, alipelekwa Texas ilipokuwa bado nchi, kisha akawa gavana wa Bermuda, Trinidad na Saint Helena. Wakubwa wa pande zote walijua kumfukuza mtu bila kumpoteza.

Kuhusu hicho kisiwa kisicho na nyumba, hesabu ya Waingereza wenyewe ya Mei 1841 ilikuta watu 7,450, wengi wao kwenye vijiji na wengine karibu 2,000 kwenye mashua. Hakuna aliyewauliza chochote, si Elliot, si Qishan.

Aliyetumwa kuchukua nafasi ya Elliot ni Sir Henry Pottinger, akafika Macau Agosti 1841 na maelekezo ya Palmerston ya kukaza. Mwezi huohuo serikali aliyokuwemo Palmerston ikaanguka London, akaingia Lord Aberdeen kuwa waziri wa mambo ya nje, naye akamwandikia Pottinger kwamba ardhi ya kudumu China hatuitaki sana, tunataka biashara, hiyo Hong Kong ichukulie kama kitu cha kushikilia kwa mazungumzo. Pottinger akaipokea barua, akaisoma, na Agosti 29, 1842 kwenye mkataba wa Nanjing akaandikisha dola milioni 21, bandari tano, na Hong Kong milele. Akamwandikia Aberdeen kwamba hilo la Hong Kong ndilo jambo pekee alilovuka maelekezo kwa makusudi. Hakuna aliyemfokea kwamba ametupa karatasi za mtu. Alifanywa gavana wa kwanza wa Hong Kong, na mtaa wake mpaka leo upo pale mjini, Pottinger Street, ule wa ngazi za mawe.